Maandazi ya Dawa ya Kuku

Nilipopangiwa kufundisha historia Kitahana, wilayani Kibondo, mimi mtu wa Morogoro, nilipewa nyumba pamoja na mwalimu wa hisabati. Alikuwa mtu wa Mbeya, mrefu, mpole, na mgongo ulimuuma tangu pikipiki ilipomwangusha kwenye utelezi. Alikwisha kumeza vidonge vyote vya hospitali na kuchuliwa mafuta ya kila rangi. Jumamosi moja asubuhi akarudi na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na bangi kavu. Mkulima mmoja alikuwa amempa, akamwambia yeye huwapa kuku wake wakiugua mdondo.

"Kwani wewe ni kuku?" nikamuuliza.

"Mgongo ni mgongo," akajibu.

Kuvuta hakutaka. Kati ya nyumba yetu na ya mkuu wa shule palikuwa na ua wa mabingobingo tu, na wote wawili tulijua kwamba kwa kitu kile mtu anapoteza kazi na kufungwa. Akaamua kwamba tutaila. Nasema "tutaila" kwa sababu ndivyo alivyosema, na mimi sikumsahihisha.

Akayatwanga majani, akayachanganya na unga wa ngano na maji, akakaanga. Yakatoka maandazi ya kijani, magumu, yenye ladha ya paa la nyasi lililonyeshewa. Hatukumaliza hata moja. Tuliyatupa nyuma ya jiko, na jogoo wa jirani akala kipande. Akasimama akiutazama ukuta tangu saa nne hadi adhuhuri, kwa adabu, kama anayesubiri ukuta umalize kuongea.

Mwenye jogoo akaja kumtafuta. Alikuwa mama wa makamo, mwimbaji wa kwaya. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, yeye akazaliwa huku na sasa ni raia, na maandazi yake ndiyo yaliyokuwa yakiliwa na shule nzima. Akaokota kipande, akakinusa, akakivunja.

"Mana yanje, Mungu wangu," akasema. "Walimu, dawa ya kuku mmeitia kwenye unga?"

Mwenzangu akaanza kueleza habari za mgongo. Mama akamkatiza.

"Hayo majani ni yenu na Mungu. Mimi sijayaona. Lakini andazi kama hili, mwalimu! Hili linanihusu. Mgeni akilionja atasema Kitahana ndivyo tunavyopika."

Akasimama mlangoni, mikono nyuma, akikataa kugusa chochote, akatusomea makosa yetu. Unga haukuumuliwa. Mafuta yalikuwa hayajapata moto. Hiliki hamna, maziwa hamna, sukari kama ya mgonjwa. "Na hicho cha kijani ambacho sijakiona," akamalizia, "mkichuje. Andazi halina majani." Akambeba jogoo wake kwapani, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata tulifuata kila neno. Unga uliumuka mpaka ukasukuma kifuniko cha sufuria. Maandazi yakatoka ya duara, mekundu, yenye uwazi ndani. Tukala moja moja, tukasubiri. Hakuna kitu. Mwenzangu akafikiri sana, kisha akasema kwamba huenda ladha imeua dawa. Basi tukala mawili mawili zaidi, si kwa ajili ya dawa tena, kwa ajili ya utamu.

Ndipo mkuu wa shule akagonga mlango.

"Walimu, mbona mmekaa? Kikao cha wazazi kimeanza. Habari ya choo."

Tulikuwa tumesahau kabisa. Tukamfuata hadi darasani, tukakaa dawati la mbele, mbele ya afisa elimu wa kata na wazazi waliojaa mpaka madirishani. Afisa hakuwa amefika ukurasa wa pili wa taarifa yake nilipohisi ulimi wangu umekuwa mzigo wa mtu mwingine niliyeombwa kumshikia. Moyo ukakimbia. Nikashika ukingo wa dawati kwa mikono yote miwili, nikachagua msumari mmoja ubaoni, nikautazama. Niliogopa kwamba nikiuacha, nitaanguka juu.

Kando yangu mwenzangu akanyoosha mkono.

"Naomba kuuliza," akasema polepole. "Shimo ni nini? Tunalichimba, au tunaondoa udongo ili shimo lililokuwepo lionekane?"

Afisa akaacha kusoma. Nikajua tumekwisha. Kisha mzee mmoja wa nyuma akasimama.

"Mwalimu amegusa penyewe. Lile la kwanza tulichimba tu, mvua moja likafukiwa. Hatukuuliza udongo."

Wakaanza kubishana kwa bidii. Wengine wakataka shimo lijengewe kwa matofali, wengine lihamishiwe kwenye mwinuko. Afisa aliandika kila kitu. Mwenzangu alimsikiliza kila msemaji huku machozi yakimtoka, akininong'oneza kwamba hawa watu ni wazuri mno.

Halafu mama mmoja akasema, "Mwenyekiti wa kamati ya choo awe yule mwalimu wa historia. Sisi wote tunapiga kelele, yeye tangu ameingia hajasema hata neno moja. Anafikiri."

"Wanaokubali?" akauliza afisa.

Nikaona mikono yote imepanda juu. Nikadhani polisi wamefika, na mimi nikanyoosha yangu miwili. Watu wakapiga makofi.

Sijui tulichukua muda gani kufika nyumbani, ingawa ni mwendo wa kutupa jiwe tu. Tulilala jua likiwa bado liko juu, tukaamka Jumapili kengele ya kanisa ikilia. Mama jirani, akielekea kwaya, akasimama dirishani.

"Yaliumuka?"

"Yaliumuka, mama," nikajibu.

"Basi." Akaenda zake.

Nilimuuliza mwenzangu kuhusu mgongo. Akafikiri, akasema alisahau kuusikiliza. Maandazi yaliyobaki tuliyafukia, na hatukurudia.

Uenyekiti ndio haukufukika. Jumatatu nilikabidhiwa futi ya kupimia na barua yenye muhuri. Nilijifunza tofauti ya udongo wa mfinyanzi na wa kichanga, niligombana na fundi kuhusu kina, nikasafiri hadi Kasulu kufuata saruji na kurudi juu ya mifuko hiyo hiyo, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kila nilipojaribu kujiuzulu, wazazi walisema ni unyenyekevu.