Mkwe Mgongoni

Seremala na mama mkwe wake hawakuwahi kugombana, maana ugomvi unataka watu wanaoongea, na wao walikuwa wakisalimiana tu. Mama alimtakia binti yake mume wa kazi ya ofisini. Akaletewa mtu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, mpole, anayefikiri kwanza hata kabla ya kutoa shikamoo. Basi kila mmoja akakaa kwake: seremala na mkewe juu mlimani, ubavuni mwa karakana, na mama chini bondeni, kwenye nyumba ya udongo aliyoachiwa na marehemu mumewe, mto ukipita nyuma ya jiko.

Mwaka ule mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Milima ikaanza kuachia udongo, njia zikageuka mifereji. Mke wa seremala, mimba ikiwa kubwa, alimsihi mama yake ahamie kwao. Mama akajibu kwamba mto ule alianza kuujua kabla binti hajazaliwa.

Asubuhi moja makelele yakapanda kutoka bondeni. Mto ulikuwa umeacha njia yake. Mke akasimama mlangoni mwa karakana, mkono kiunoni.

"Nenda ukamtoe mama."

"Atakubali?"

"Usimuulize."

Seremala akachukua ufito mrefu wa kupimia kina, akashuka. Alimkuta mama amesimama juu ya meza, maji yanazunguka miguu ya meza, kuku kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikukuita."

"Najua. Panda mgongoni."

"Mimi nimpande mkwe wangu kama punda? Watu watasema nini?"

"Watu wako juu ya mapaa, mama. Hawana nafasi ya kusema."

Ukuta wa jiko ukaanguka nyuma yao, puu. Mama akapanda, yeye na kuku wake.

Mama alikuwa na mwili, na seremala hakuwa na wa kujivunia. Maji yalimfika kiunoni, mekundu kwa udongo, yamebeba maboga, masufuria, hata mlango wa mtu. Alipiga hatua, akapima, akapiga nyingine. Mama, kwa kuwa juu, aliona mbali zaidi.

"Kulia. Kulia tena. Hapo mbele kuna shimo la taka."

"Hapo wapi?"

Mguu ukajibu kabla ya mama. Seremala akazama hadi puani, na mkondo ukaanza kuwavuta wote wawili. Mama akadaka tawi la mpera kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akashika ukosi wa shati la mkwewe. Kuku akaenda na maji.

"Simama," alisema, kama anayemwambia mtoto avae viatu. "Simama tu. Nimekushika."

Miguu ikapata ardhi. Wakabaki wameung'ang'ania ule mpera, seremala akikohoa.

"Shati lako limechanika," mama akasema.

"Lilikuwa la zamani."

"Nililiona. Nilimwambia binti yangu akutafutie jingine."

Seremala akacheka, maji yakimtoka puani. Hakuwahi kujua kwamba alikuwa akiongelewa nyumbani kwa mama, tena kwa wema.

Walipofika kwenye mteremko waligeuka, wakaona nyumba ikipiga magoti na paa likiondoka na mto. Mama alilitazama mpaka likapotea. Binti yake akaja na mwavuli usiosaidia kitu.

"Mama, umeumia?"

"Mshughulikie mumeo. Amekunywa mto mzima."

Mzee mmoja, jirani wa mama kule bondeni, hakuonekana mpaka maji yalipopungua, maiti yake ikapatikana, wakamzika. Barabara ilikuwa bado imekatika uchungu ulipomshika mke, kwa hiyo mtoto alizaliwa nyumbani, akapokelewa na bibi yake. Seremala akaongeza chumba cha mama kwenye ukuta wa karakana. Mama alilalamikia kelele za msumeno kila siku, na kila siku alileta kigoda chake akakaa palepale, akiwagombeza wateja walioagiza kitanda leo wakakitaka jana.

Kule bondeni mto uliacha tope zito, na mama akapanda humo viazi vitamu. Siku ya kwanza ya kupalilia, seremala aliweka randa chini ili amsindikize.

"Baki na kazi yako," mama alimwambia. "Leo mto umekaa kwao."

Alimsindikiza hata hivyo, nusu ya njia. Akasimama mahali alipoweza kumwona ameinama shambani, kisha akarudi juu kumalizia mlango wa mteja.