Minazi ya Nyanya Kwenye Kompyuta ya Baba

Doha haina mto hata mmoja, lakini kazi ya baba ilikuwa mito. Alikuwa akiilisha kompyuta upepo, kina cha bahari na urefu wa ardhi, kisha anatazama jinsi dhoruba itakavyoisukuma bahari iingie kwenye mlango wa mto, na maji yatamfikia nani.

Mwaka niliokuwa kidato cha pili aliujaribu mto wa kwetu pwani. Nyumba ya nyanya, mamake, ilikuwa inabomoka. Shangazi alitaka nyanya ahamie kwake, kule juu barabarani. Baba alitaka kumjengea nyumba ya mawe palepale karibu na mlango wa mto. Nyanya akasema kwenye simu, "Kompyuta ya mwanangu ikisema nihame, nitahama."

Ijumaa moja baba akaalika wenzake watatu wa kazini, Wakenya kama sisi, kwetu mtaani Abu Hamour. Walipokuwa wakila pilau akaunganisha kompyuta na televisheni. Bahari ikapanda, mto ukafura, rangi ya buluu ikameza mashamba yote. Shamba la nyanya likabaki jeupe. Kavu.

"Mama hahami," baba akasema.

Mimi nililelewa na nyanya hadi nilipofika miaka kumi na moja. Kutoka kwake hadi barabarani ni kupanda tu, na nimepanda na ndoo kichwani hadi shingo ikauma. Lakini kwenye ramani shamba na barabara vilikuwa sawa kwa urefu. Nikakitazama kile kipande cheupe, nikajua umbo lake: kona kwa kona, ni shamba letu la minazi. Setilaiti iliyopima ardhi ilitazama kutoka angani, ikaona makuti, ikadhani ndiyo ardhi.

Kusema mbele ya wageni sikuweza. Mimi hata mwalimu akiita jina langu hutazama chini. Nikaandika kwenye karatasi, nikaiweka kando ya sahani ya baba.

Akaisoma kwa sauti. "'Baba, kompyuta imepima minazi. Chini yake ni bondeni.' Jamani, tumepata injinia!"

Wakacheka. Mmoja akanigeukia. "Haya mama, wewe ulipima na nini?"

"Na ndoo," nikasema.

Huyo alicheka hadi akapaliwa na wali. Kakangu akaanza kuniita Injinia Ndoo siku hiyohiyo. Baba akafuta mafuta vidoleni kwa karatasi yangu.

"Urefu wa minazi hatukuutoa, sivyo?" aliuliza mgeni mwingine, polepole.

"Bro, kula," baba akamjibu.

Nyumba ilijengwa. Nyanya akatutumia picha akiwa ameketi barazani, miguu ameinyoosha.

Dhoruba ilikuja mwaka uliofuata, mto ukiwa tayari umejaa, maji ya bahari yakiwa yamekupwa kidogo tu. Shangazi alipopiga simu tulikuwa tunakunywa chai. Maji yalikuwa yamefika madirishani. Nyanya alipatikana nyuma ya mlango wa jikoni; mlango ulikuwa unafunguka kwa ndani, na maji yaliukandamiza.

Baba hakulia. Shangazi alikuwa akipiga kelele tuliyoisikia sote: "Ulisema ni pakavu! Ulimwambia mama ni pakavu!"

Baba akanitazama. Nilidhani anaikumbuka ile karatasi. Labda aliikumbuka.

"Huyu mtoto ndiye aliyekaa pale," akasema. "Nilimuuliza, akaniambia ni juu. Mimi nilitumia alichonipa."

Mama akaweka kikombe chini. Kakangu akatazama nje.

"Nipe huyo mtoto," shangazi akasema.

Baba akanipa simu, mkono wake mwingine ukanishika bega, si kwa nguvu.

"Mwanangu, ni kweli ulimwambia babako ni juu?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu ile Ijumaa, neno kwa neno. Nikatazama chini.

"Ndiyo, shangazi."

"Na alikulea yeye," akasema, akakata.

Baba alisafiri peke yake kwenda kuzika. Mimi niliachwa, kwa sababu shangazi alisema hataki kuniona. Nyanya wamemzika kule juu kando ya barabara, uani kwa shangazi. Huko maji hayafiki.