Nilimsifia Binti Yangu Daktari wa Usingizi, Sasa Mwenzake Anabeba Kosa Langu

Admin, jina langu usiliweke, binti yangu naye anasoma humu. Mimi ni mama wa miaka 56, niliishia darasa la nne, nauza dagaa hapa Buzuruga. Nikikosea kuandika mnivumilie.

Binti yangu ni daktari wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kabla hajapasuliwa. Mwaka jana alirudi kwenye semina na jambo jipya. Akaniambia, "Mama, ile gesi tunayowavutisha wagonjwa, nyingi inatokea kwenye bomba inapanda juu, inazidisha joto duniani. Mgonjwa akishalala unapunguza hewa inayoisukuma. Yeye anapata dawa yake ileile, kinachopungua ni cha kupotea." Nilimwelewa, maana mvua hizi za ovyo zinaniozeshea dagaa. Akabandika karatasi kwenye mashine zao za usingizi kuwakumbusha wenzake. Walimcheka, wakamwita Mama Mazingira, ila kidogo kidogo wakaanza kufuata, hata wale wakongwe.

Kosa nimelifanya mimi. Siku ya jumuiya ya kanisani akina mama walikuwa wanasifia watoto wao, na mimi nikajitutumua, "Wangu anawapunguzia wagonjwa dawa ya usingizi ili hewa isiharibike." Sikulisema vizuri. Mmoja akadakia, "Weee mama daktari! Kwa hiyo mimi nikipasuliwa nitakuwa nawasikia wanavyonikata?" Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Maneno yakatembea. Mwezi haujaisha, mgonjwa mmoja nisiyemjua alishuka kitandani siku ya upasuaji wake, akasema huyo binti anabania watu dawa, hamtaki. Alipoulizwa kasikia wapi, akasema mtaani. Wengine wawili wakagoma. Mkuu wao akaamuru karatasi zote zibanduliwe.

Binti yangu alikuja nyumbani hajavua hata sare. "Mama, aliyeeneza maneno ni yule kaka niliyesoma naye, tunafanya kazi pamoja. Ndiye aliyekuwa ananitania kila siku. Nimeshamwandikia mkuu barua, nimemtaja." Nikamjibu, "Haya mwanangu, kula kwanza."

Huyo kijana ni mteja wangu. Jumamosi alikuja mezani, akaniamkia kama kawaida. "Mama, mwambie dada siyo mimi. Utani ni utani, lakini mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupunguza kwenye mashine yangu. Wanataka kunihamishia wilayani, na mke wangu anajifungua mwezi ujao." Nikamfungia dagaa wake, nikamwongezea kiganja. Akasema, "Asante mama, Mungu akubariki."

Tangu hapo moyoni sisikii kitu. Silii. Naanika, naanua, chakula hakina ladha, wateja wananiita mara mbili ndipo nigeuke. Nikisema, binti yangu atajua ni mama yake aliyemvunjia kazi aliyoihangaikia, na kwamba amemsingizia mwenzake kwa maandishi. Nikinyamaza, kijana anaondoka na mzigo usio wake, na wagonjwa wataendelea kuamini uongo wangu.

Jana binti yangu aliniuliza, "Mama, unadhani nimemwonea?" Nikamwambia maji yake ya kuoga yapo tayari.

Kikao chao cha kuamua kama kijana ahamishwe ni Ijumaa. Ndugu zangu, hasa nyie mlio na mama zenu, nishaurini: nianze na neno gani?