Siku Bamama Balileta Mifugo kwa Depo

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alikufa na mateso yangu ikaanza. Mama alibaki na batoto sita na shamba ya viazi pale Musienene, shamba ya mulima, mvua inashusha udongo yake kila mwaka. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu wa primaire. Tulikuwa na mbuzi tatu. Juu ya wezi, mbuzi zililala ndani ya nyumba, na mimi nililala nazo, kichwa karibu na mikojo, miaka ine. Naandika hii mbele ya yote kusudi mutu asije kunifundisha habari ya kuishi na banyama. Niliishi nabo. Nilitafuta pesa kusudi nisiishi nabo tena.

Leo nanunua kahawa. Nilianza na kitunga kwa kichwa, halafu kinga, baiskeli ya kusukuma, halafu pikipiki, leo depo mbili. Hakuna mutu alinipa.

Mwaka jana binti yangu alirudi kutoka Kampala na diplome, nikamupa biro, ofisi ya depo ya Butembo. Alirudi pia na mbwa. Kambwa kadogo, kenye nywele murefu, kanaoga sabuni kuliko batoto ya jirani. Siku ya kwanza tu kakapanda kwa kiti ya wateja, kakalala.

Nikauliza: "Hii inachunga nini?"

"Hakachunge kitu, Papa. Kananituliza roho."

"Roho yako nani aliisumbua? Unakula, unalala, ulisoma."

Akanieleza kama kwa inchi ya wenzetu kuko mabiro kubwa kubwa kwenye batumishi banakuja na mbwa yabo na paka yabo, na kazi inaenda muzuri zaidi, maana batu banapunguza mawazo. Nikamwambia depo iko na paka tayari, lakini yule paka hakukuja kutuliza mutu. Anakamata panya. Siku ataacha kukamata panya atatafuta kazi kwengine.

Kosa nililifanya mimi mwenyewe. Nilikuwa naenda Beni kuangalia cacao, motokari inaunguruma kwa mulango, na yeye anaongea, anaongea. Nikasema: "Fanya vile unaona, niache niende." Mutu muzima hapashwe kusema vile kwa mutoto mwenye diplome.

Aliandika tangazo, akalipatia kapita, musimamizi wa kazi. Kapita yangu ni shemasi kwa kanisa, ana sauti. Alisimama mbele ya bamama ya kuchagua kahawa, bamama makumi mbili, akasoma: siku ya tano ya juma, kila mutumishi mwenye anafuga munyama anaruhusiwa kuja naye kwa kazi, patron, mwenye depo, atafurahi kumupokea.

Hakuna mama alisikia mubaya. Balisikia sawasawa. Lakini kwetu kuku inaenda kwa pasta, kwa padri, kwa chef ya kijiji, kwa baba mukwe, na hairudi. Haiendi kusalimia. Na mukubwa akisema "unaruhusiwa," kila mutu anajua: ataangalia nani hakuleta. Basi bamama balikaa chini, bakapanga kama siku ya mavuno kwa kanisa, nani ataleta nini, na mwenye hana ataomba kwa wifi yake.

Nilirudi siku ya tano, saa tatu ya asubui. Nikasikia jogoo inawika ndani ya depo.

Kuku kumi na sita, miguu imefungwa. Bata mbili. Sungura. Cobaye ndani ya kitunga, zile kama panya bila mukia, tunafuga kwa jikoni kwa kula. Yote juu ya meza ya kuchagulia, katikati ya kahawa. Kahawa inavuta harufu kuliko nguo; mununuzi akisikia mavi ya bata ndani ya gunia moja, anarudisha yote. Na binti yangu amesimama katikati, anapiga picha na telefone, anacheka.

"Papa, ona, balikuja bote! Sikujua banapenda banyama hivi!"

"Banapenda? Mutoto, bamama bananiletea chakula!"

Kapita akatoa kofia. "Patron, tulikuwa tunakungoja kwa maombi."

Nikamugeuzia mugongo. Ningemujibu ningefanya zambi.

Kwa mulango kulikuwa mama mumoja mujane, mwenye alikimbia vita upande wa Kamango. Alikuwa kwangu miezi mbili tu. Alishika kwa kamba mbuzi jike yenye tumbo kubwa, karibu kuzaa.

"Mama, hii mbuzi ni ya nani?"

"Ni yako, Patron."

"Ilitoka wapi?"

"Nilikimbia nayo. Ndiyo kitu kimoja nilitoka nacho."

"Na nani alikuambia mbuzi? Benzako balileta kuku."

"Bale munabajua. Mimi ningali mugeni. Nikileta kuku, utanikumbuka?"

Mutu akikuambia vile mbele ya batu, unatafuta pa kuangalia. Binti yangu akaruka katikati: "Hapana, Mama, hapana! Rudi nayo kwako! Ilikuwa tu kwa kufurahi, kila mutu arudi na yake!"

Yule mama akaweka lungo yake ya kuchagulia chini, polepole, kama kitu si yake.

"Donc munanifukuza," akasema.

Binti yangu hakuelewa. Kampala habafundishe hii. Baba mukwe akirudisha mbuzi, amekataa bwana ya binti. Mukubwa akirudisha mbuzi mbele ya batu, amesema: toka. Yule mama, nikimurudishia anapoteza kazi ndani ya roho yake, na kesho benzake batamucheka. Nikiichukua, nimekula mali yote ya mujane. Na tangazo iko na jina ya depo yangu chini yake.

Nikashika kamba.

"Nimepokea. Mbuzi ni yangu."

"Papa!"

"Nyamaza, wewe mwenye kutuliza roho." Nikageukia mama. "Sasa mbuzi yangu inatafuta mutu wa kuichunga. Mimi sina nafasi, nilichunga ya kutosha. Nakupa uichunge wewe."

Iko desturi yetu: mwenye kuchunga mbuzi ya mutu anapata mutoto mumoja, mwenye mbuzi anapata mumoja. Nikasema yeye atachukua batoto bote, hata bafike munane.

Akaniangalia kama mutu anatafuta mutego.

"Na kazi?"

"Kazi iko juu ya meza, chini ya bata ile. Pangusa kwanza."

"Na bakiniuliza?"

"Baambie unachunga mbuzi ya patron. Nani atakugusa?"

Akafikiri. "Patron, inakula sana."

"Hata mimi nakula sana."

Bamama bakacheka, na yeye akacheka, akaokota lungo.

Zile zingine nilifanya vilevile, mumoja mumoja: nimepokea, chunga. Ilituchukua mpaka saa sita. Kahawa ya meza mbili tuliosha na kuanika tena. Binti yangu alitaka kuandika tangazo ya pili ya kusahihisha; nilimunyanganya kalamu. Kambwa kanabaki nyumbani sasa, kwa lupango, ndani ya uwanja.

Mulifikiri iliisha? Tangu siku ile kila asubui bamama bananingoja kwa mulango wa biro. "Patron, kuku yako inataga." "Patron, kuku yako inakohoa." "Patron, bata yako ilipigana na ya jirani, njoo useme neno." Nilienda kusema neno. Mimi, na mvi yangu, juu ya bata.

Basi, leo mali yangu ni hii. Nyumba ya matofali, vyumba sita, Butembo. Depo ya kahawa, Butembo. Depo ya cacao, Beni, nusu yangu, nusu ya kupanga. Motokari moja. Shamba ya viazi ya mama, Musienene. Kuku kumi na tano, moja ilikufa. Bata mbili, sungura moja, cobaye sijui ngapi, zote kwa nyumba ya batu. Mbuzi jike moja, kwa mama wa Kamango. Ilizaa mapacha, na mapacha si yangu. Paka moja wa kazi.