Malkia Alipohamishiwa Kihonda

Barua ya halmashauri iliniita nikaitengeneze sanamu ya malkia. Niliipokea kwa furaha, maana kiwanda nilichokuwa nikitengenezea kalibu za vigae kilikuwa kimefungwa miezi mingi, kikisubiri mnunuzi. Ilikuwa miaka ya ruksa, soko huria lilipofunguliwa. Pale Morogoro karibu kila kitu cha umma kilikuwa kinasubiri mnunuzi, na sisi tuliokuwa tukikifanyia kazi tulikaa majumbani tunasikiliza redio.

Sanamu ilisimama katikati ya mji, kwenye kiduara cha maua jirani na soko. Ilikuwa ya yule mwanamke aliyetawala hapa zamani, enzi za misafara ya kutoka pwani. Fundi mmoja aliijenga kwa nondo na sementi miaka michache baada ya uhuru. Nilipokuwa mtoto niliiogopa kwa ukubwa wake. Nilipoitwa kuitengeneza haikuwa na pua, na mkono wa kulia ulishavunjwa na lori lililorudi nyuma bila kuangalia. Ufa mrefu ulishuka kutoka shingoni hadi kiunoni.

Mume wangu alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ardhi ya halmashauri hiyohiyo. Ni mtu wa Tabora, mpole, hapandishi sauti hata akikanyagwa. Nilipomwonyesha barua aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Hongera, mama watoto," alisema. Kisha, akiwa mlangoni anafunga kamba za viatu, akaongeza, "Lakini usifanye haraka."

Nikadhani anajali ubora wa kazi.

Nilianza kwa brashi ya waya, nikaondoa kuvu na rangi iliyobanduka. Halafu nikaupanua ufa kwa tindo. Ndani, nondo zilikuwa zimevimba kwa kutu na zinaisukuma sementi nje. Kutu ya namna ile unaweza kuisugua, ukaipaka dawa na kuifunika vizuri, lakini huwezi kujua kama imeacha kula. Nilisimama juu ya jukwaa la miti, nimeutia mkono ndani ya kifua cha malkia hadi kwenye kiwiko, na vumbi jekundu likawa linanimwagikia miguuni.

Chini yangu alikaa mama mdogo. Ni dada mdogo wa mama yangu, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Kila alfajiri alishuka kutoka milimani na tenga la njegere na karoti kichwani, akalitua mbele ya meza yake pale kwenye kiduara, pamoja na wanawake wengine wapatao ishirini. Kwetu Waluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo kwa watu wote mimi nilikuwa mtoto wake. Alikuwa na maneno makali. Mteja aliyezichagua karoti kwa muda mrefu aliulizwa kama anatafuta mchumba.

"Vizuri mmemkumbuka," aliniambia siku ya kwanza, akinitazama kule juu. "Lakini kwa nini sasa? Huyu lori limemvunja mkono mimi nikiwa bado nina meno yote."

"Ni maendeleo, mama," nikamjibu.

"Aa," alisema, akaendelea kumenya njegere.

Wiki ya pili akaanza kuja bwana mmoja wa shati jeupe. Akina mama hakuwasalimia. Alizunguka kiduara akipima kwa hatua, midomo ikimchezacheza, kisha akasimama chini ya jukwaa langu.

"Utamaliza lini?"

"Sementi haitaki kukimbizwa, mzee."

Alitabasamu, akaondoka. Kesho yake akaja saa ileile na swali lilelile. Keshokutwa pia. Ikafika mahali nikawa namsubiri kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Halafu asubuhi moja nikakuta alama ya X kwenye kitako cha sanamu. Ilikuwa nyekundu, rangi yake bado mbichi, imechuruzika hadi kwenye maua. Siku mbili baadaye ilikuwapo kwenye meza ya mama wa chai, kwenye ukuta wa bomba la maji, na kwenye meza ya mama mdogo. Akina mama walicheka mwanzoni. Mmoja alisema tumepigiwa kura. Mama mdogo hakucheka. Aliisugua ile alama kwa mchanga na gunzi la hindi mpaka adhuhuri, na haikutoka.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nilimuuliza mume wangu.

"Ramani mpya ya katikati ya mji umeichora wewe?"

"Nachora ninachoambiwa."

"Kiduara kipo?"

Alichukua kijiti, akaanza kuchokonoa meno.

"Nakuuliza, baba watoto. Kiduara kipo?"

"Hakipo."

Akanieleza akiwa ameinamia sahani. Pale amepewa mwekezaji, patajengwa kituo cha mafuta na maduka ya ghorofa. Sanamu itapelekwa Kihonda, nje kidogo ya mji.

"Sasa kwa nini wananilipa niitengeneze?"

"Ikihamishwa imevunjika, watu watasema malkia wao ametupwa. Ikihamishwa nzima, kwa ngoma na hotuba, watasema ameheshimiwa. Kinachosubiriwa ni mkono tu. Wanakusubiri wewe."

"Na mama mdogo na wenzake?"

"Kwenye ramani hawamo," alisema. "Hawajawahi kuwamo."

Nikaanza kuchelewesha. Mkono mpya ulikuwa tayari umetoka begani hadi kwenye kiganja, nikauvunja kwenye kifundo nikisema mchanga ulikuwa na udongo. Nikaujenga tena, nikauvunja tena. Niliufunga magunia na kuyamwagia maji kila asubuhi, na aliyeuliza nilimwambia sementi bado inakunywa. Juu ya milima wingu lilikaa siku nzima, zito na jeusi, lakini hakikushuka hata kijitone. Akina mama walianza kuondoka mapema bila kusema kwa nini.

Yule bwana wa shati jeupe aliligusa gunia kwa kidole. Akakitazama kidole kilicholowa.

"Mumeo ni mtu mzuri sana," alisema. "Saini yake iko kwenye kila karatasi. Itakuwa vibaya kazi ikichelewa, halafu watu wakaanza kuuliza nani aliidhinisha nini."

Aliyasema hayo kwa upole, kama anayeniulizia hali ya watoto. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: akamgeukia mama mdogo, akamwamkia shikamoo. Mama mdogo hakuitikia.

Alipoondoka nilishuka, nikamweleza mama mdogo yote.

"Basi usiumalize mkono," alisema.

"Mama, watamfukuza kazi."

"Na mimi?"

Mteja akaja, akapimiwa njegere, akarudishiwa chenji, na mama mdogo hakunitazama tena siku ile.

Nilimaliza. Ningependa kuandika kwamba nilimaliza kwa sababu ya mume wangu tu, lakini si kweli. Kwa miezi mingi mikono yangu ilikuwa imekaa bure, na mwanamke yule alikuwa anarudi mbele ya macho yangu, pua, kidevu, vidole. Nilitaka kumwona mzima. Siku nilipofungua magunia watu walisimama kumtazama, na kwa muda mfupi nilisahau alitengenezwa kwa ajili ya nini.

Walimhamisha Alhamisi asubuhi. Kulikuwa na lori lenye winchi, ngoma, watoto wa shule na kiongozi aliyehutubia juu ya mji mpya. Malkia alining'inia hewani akizunguka polepole, kisha akalazwa chali juu ya matairi yaliyopangwa ndani ya lori. Alipogusa chini nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinavunjika. Nilijua ni shingo. Sikusema, hotuba ilikuwa inaendelea. Mara mbili kiongozi aliomba vigelegele, na mara zote mbili akina mama walimtazama tu.

Niliondoka na lori. Kule Kihonda walimsimamisha kwenye uwanja mtupu, kati ya ghala lililofungwa na tanuru la matofali. Niliomba aelekezwe milimani. Msimamizi alisema winchi haifiki, akaelekezwa barabarani. Nikaziba ufa wa shingo kwa plasta mbichi huku wanaume wakikunja kamba zao.

Niliporudi mjini greda lilikuwa limeshapita. Meza zilikuwa zimebaki vipande vya mbao, na njegere zilikuwa zimesagwa pamoja na vumbi. Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya tenga lake lililofudikizwa, ng'ambo ya barabara. Nilimwita. Akainuka, akalipachika tenga tupu kichwani, akashika njia ya kwenda kwao.

Ua wa mabati ulisimama wiki ileile. Ndani walichimba shimo, halafu kazi ikasimama. Mwekezaji hakuonekana tena. Mvua zilipokuja shimo likajaa maji, na watu wazima waliopita pale walihamia upande wa pili wa barabara bila kujua kwa nini.

Mwaka uliofuata halmashauri ilipata wakubwa wapya, wakaulizia kiwanja kile. Jalada lilipofunguliwa, karatasi zenye saini za waliotoa amri hazikuwamo. Ilibaki ramani, na chini yake saini ya mchoraji. Mume wangu alistaafishwa kwa manufaa ya umma. Watumishi wawili waliokuwa wakinywa chai naye kila siku walikuja nyumbani kuchukua rula na kalamu za ofisi, na hawakukubali kukaa.

Ndipo tulipopanda milimani, mimi na yeye, kumwomba mama mdogo sehemu ya kulima. Shamba la kule ni la ukoo wetu wa upande wa mama, naye ndiye aliyebaki mkubwa. Tulimkuta uani anachambua maharage kwenye sinia. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti kwenye udongo. Alichambua kiganja kimoja baada ya kingine, mimi nikiwa hapohapo.

"Inuka," alisema mwishoni. "Chakula kipo. Na shamba la kulima lipo, huko chini karibu na kijito."

Kisha akamtazama mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Mkwe wangu, wewe ulikuwa unachora. Na mlima huu nao mmeuchora?"

Mume wangu aliitazama miguu yake. Kule chini bondeni mji ulikuwa hauonekani kwa ukungu.

"Umechorwa, mama," alisema.

Mama mdogo aliacha kuchambua. Akatikisa kichwa taratibu, akalivuta lile sinia la maharage karibu na kifua chake, akalikumbatia kwa mikono yote miwili.