Sifuri ya Plamedie

Kwa miaka thelathini na minane Maître Sylvain alifundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi mjini Kisangani, na katika miaka hiyo yote hakuna Jumamosi aliyoacha kupanda juu ya kigoda uani na kutangaza alama za juma. Watoto walijipanga kwa mistari, wazazi wenye nafasi walisimama nyuma ya ua, naye akasoma majina, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sauti iliyofika barabarani.

Siku hizi shule nyingi hubandika karatasi ukutani, mzazi akaja na simu akaipiga picha, akaenda zake bila kumsalimu mtu. Sylvain aliiona hiyo kuwa kazi ya makarani. Kutangaza kwake kulikuwa na mwisho wake, na mwisho ndio uliokuwa na maana. Alipoitwa mtoto wa mwisho, darasa zima lilimpigia makofi matatu. Kisha wa kwanza alitoka mstarini, akamwendea, akamshika mkono, na juma zima lililofuata wawili hao walikaa dawati moja. Hakuna aliyerudi nyumbani na aibu yake peke yake. Sylvain mwenyewe, alipokuwa mtoto, aliwahi kuwa wa mwisho mara mbili. Aliyemshika mkono aliitwa Yunus. Yunus alikwisha kufa zamani, lakini Sylvain alikuwa bado anaukumbuka ule mkono, ulivyokuwa mkavu na wenye chaki.

Kisha ukaja mwaka wa korona. Mwezi wa tatu shule zikafungwa, na watoto wakaambiwa wasomee nyumbani, kana kwamba kila nyumba ina meza na taa. Mkuu wa shule, Jean-Paul, kijana aliyependa mikutano, aliwaita walimu akawaambia amepata nusu saa katika redio moja ndogo ya mtaa wa Makiso, mara tatu kwa juma. Kila mwalimu atafundisha hewani. Watoto watasikiliza, watafanya mazoezi, na kila Ijumaa watapeleka madaftari katika kibanda cha Adeline, mama aliyechaji simu za watu karibu na shule. Mwalimu atayachukua hapo, atayasahihisha, atayarudisha.

"Na ule asiye na redio?" Sylvain aliuliza.

"Maître, kila nyumba iko na redio," Jean-Paul alimjibu. "Na kama haiko, jirani iko nayo. Tuko Kongo, bwana, si Ulaya. Batu wanasaidiana."

Walimu wengine walicheka. Sylvain naye aliridhika, kwa sababu hilo la kusaidiana lilikuwa jambo ambalo angelisema yeye mwenyewe.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani. Fundi wa mitambo aliitwa Sadrack, na alivaa kofia ya sufu kwenye joto lote lile. Siku ya kwanza Sylvain alikaa mbele ya kipaza sauti, akaeleza sehemu, nusu na robo, kisha akauliza, "Robo mbili ni nini?" Akanyamaza. Katika darasa angengoja mpaka vidole viinuke. Alingoja. Sadrack akaanza kupunga mikono nyuma ya kioo kama mtu anayefukuza kuku.

"Papa Maître," alimwambia baadaye, "redio haipende kimya. Ukinyamaza, batu wanafikiri courant ya umeme imekatika, wanazima."

"Mutoto anahitaji nafasi ya kufikiri."

"Bon, afikiri, lakini wee uendelee kusema."

Basi Sylvain alijifunza kuuliza na kujijibu mwenyewe. Alirudi nyumbani na koo kavu na moyo mzito kuliko ule wa siku za kuadhibu. Ijumaa ya kwanza, kati ya watoto arobaini na wawili, madaftari yaliyomfikia yalikuwa tisa.

Hapo ndipo alipofikiria majina. Mtoto asiyeonwa huzurura, lakini mtoto aliyeitwa jina hukaa. Jumamosi hiyo, somo lilipokwisha, alisoma hewani majina ya wale tisa na alama zao. Juma lililofuata alipata madaftari ishirini na tatu. La tatu, thelathini na moja. Wanawake wa sokoni walimsimamisha njiani. "Maître, mutoto yangu alisikia jina yake, akaruka mpaka juu ya kitanda!" Waendesha toleka walimpakia kwenye baiskeli zao huku wakiiga sauti yake: "Wa kwanzaaa!" Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mji ulimjua tena mwalimu. Jean-Paul alimpa mkono mbele ya watu. Na Sylvain, ambaye alikuwa amezeeka bila kusifiwa, akalewa sifa hizo kidogo. Akaamua kusoma orodha nzima, kama uani, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na wale ambao hawakuleta kitu. Kwake daftari lisilofika lilikuwa sifuri. Ilikuwa hivyo kwa miaka thelathini na minane.

Katika darasa lile palikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili aitwaye Plamedie. Tangu darasa la kwanza hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya pili. Mkono wake ulikuwa umeshika mikono ya watoto wa mwisho zaidi ya mkono wowote shuleni. Baba yake, Isaïe, mtu wa Yanonge, alifanya biashara ya mtoni. Alishuka na mtumbwi mkubwa wa mashine mpaka Isangi, akarudi na samaki wakavu, na mama wa mtoto, Clémence, akawauza. Ndugu za Isaïe walimcheka kila siku kwa kumsomesha msichana. Yeye aliwajibu: ngojeni mtihani wa serikali wa mwisho wa darasa la sita. Akifaulu, anaendelea na sekondari, na hakuna mtu wa ukoo atakayefungua mdomo. Akianguka, mtamfanya mnavyotaka. Alikuwa amelisema hilo mbele ya baba zake wadogo, kikaoni, na Sylvain alilijua, kwa kuwa Isaïe mwenyewe alimweleza kwa majivuno, akimwachia mtoto mikononi mwake.

Kwa majuma mawili daftari la Plamedie halikufika. Sylvain aliliona hilo, likamuudhi. Zamani, mtoto akikosa siku mbili, mwalimu alikwenda kwao, akaketi, akapewa maji, akaujua ugonjwa wa nyumba na njaa ya nyumba. Mwaka huo hakwenda. Watu walikuwa wanakwepana, na yeye alikuwa na kazi ya redio. Jumamosi ya pili, madaftari ya wengine wote yakiwa yamefika, alisoma orodha yake mpaka chini kabisa.

"Wa mwisho. Plamedie. Sifuri."

Kisha wimbo wa dini ukapigwa, kwa sababu nusu saa ilikuwa imekwisha.

Siku nne baadaye Isaïe alifika nyumbani kwa Sylvain. Hakukubali kiti.

"Maître, niko na swali moja tu. Wee uliniona mupumbavu?"

"Papa Isaïe, ingia kwanza."

"Siingie. Tulikuwa tumefunga mutumbwi ku Yanonge. Batu yote walikuwa mule ndani, na ndugu zangu walikuwa mule ndani. Redio yangu nilikuwa nimeifunga juu ya paa. Niliwaambia: nyamazeni, batu ya Mungu, sasa munasikia mutoto yangu. Nikaongeza sauti. Mi mwenyewe, na mukono yangu, nikaongeza sauti." Akauinua mkono huo. "Unajua walicheka namna gani? Muzee moja alianguka ndani ya maji kwa kucheka. Sasa wananiita Papa Sifuri. Ku Isangi walishasikia kabla nifike."

Sylvain aliuliza kwa sauti ndogo, "Redio ya nyumba ni hiyo ya mutumbwi?"

"Niko na ngapi? Sisi batu ya maji tunahitaji habari."

"Basi mutoto alisikilizia wapi masomo?"

Isaïe alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la lugha ya kigeni. Kisha akaeleza, na Sylvain akaelewa polepole, kipande kwa kipande. Clémence alikuwa na kikohozi majuma matatu. Majirani wote walifunga milango yao, hawakutaka mtoto wa nyumba ya kikohozi akae karibu na redio zao. Plamedie alimwuguza mama yake na kuuza samaki mahali pake. Katika majuma hayo hakuwa amesikia somo hata moja. Wala hiyo sifuri yake hakuisikia redioni. Ililetwa mlangoni na watoto wa mtaa, wakiimba.

"Nitasema hewani," Sylvain alisema. "Jumamosi hii nitasema ni kosa yangu. Nitasema ni wa kwanza tangu miaka sita."

"Utasema nini? Batu walishacheka. Unaweza kutoa kicheko mu tumbo ya mutu?" Isaïe aligeuka, kisha akasema bila kumwangalia, "Nilimupeleka ku Bengamisa, kwa shangazi yake. Iko shamba, iko kazi. Mbele ya baba zangu wadogo nilisema akianguka wafanye wanavyotaka. Bon. Alianguka."

"Mutihani haujafika, Papa Isaïe! Hajaanguka!"

"Maître, alianguka mbele ya muto muzima."

Sylvain alikwenda redioni kesho yake. Sadrack alimpokea kwa heshima na kumwambia kwamba nusu saa ya shule haipo tena. Mchungaji mmoja alikuwa ameilipia asubuhi ile ile.

"Dakika moja tu, mwanangu. Jina moja."

"Papa, saa ya muchungaji ni ya muchungaji. Na mi nikikuachia wee, kesho kila mutu anakuja kusahihisha jina yake." Akacheka, si kwa ubaya. "Hata hivyo ilikuwa nzuri, Papa. Batu waliipenda sana ile ya wa mwisho. Walipiga simu."

Mwezi wa nane serikali ilifungua madarasa ya mitihani. Siku ya kwanza Sylvain aliwahesabu watoto wake, kila mmoja na kitambaa mdomoni, akapata thelathini na wanane. Watatu walikuwa wamehama. Hakungoja Jumapili. Alipanda nyuma ya pikipiki mpaka Bengamisa, mvua ikimpiga uso njia nzima, akamkuta Plamedie nyuma ya nyumba ya shangazi yake anamenya mihogo. Alikuwa amekonda, amerefuka. Alisimama, akakunja mikono kifuani kama darasani.

"Bonjour, Maître."

"Nimekuja kukuchukua. Mutihani iko baada ya majuma matatu. Utakaa kwangu, muke yangu, mama Déborah, atakupikia."

Shangazi, mwanamke mpole, alisema kwamba yeye hana neno, mtoto aseme mwenyewe. Plamedie alitazama kisu chake.

"Robo mbili ni nusu," alisema. "Nilijua kabla ya redio."

"Najua ulijua."

"Maître, mbona hamukukuja nyumbani kuuliza?"

Sylvain angeweza kusema habari za korona, habari za redio, habari za Jean-Paul. Alisema tu, "Nilikosa."

"Nikirudi, wataimba."

"Nitawanyamazisha."

"Watanyamaza mu darasa. Mu njia wataimba." Alikaa tena chini, akashika muhogo mwingine. Mikono yake ilikuwa na nyufa za jembe. "Na Papa hataki. Mi siwezi kurudi kama Papa hataki. Aniite yeye."

Sylvain alirudi, akamtafuta Isaïe bandarini, akaambiwa amekwisha shuka Isangi. Alimtuma mtu wa mtumbwi mwingine. Alituma na wa pili. Jibu halikuja, au lilikuja likamkuta mtu asiyejali kulifikisha. Majuma matatu yakaisha hivyo, kama maji yanavyoisha kwenye kopo lililotoboka.

Matokeo ya mtihani yalipofika, Jean-Paul alitaka yabandikwe. Sylvain alikataa. Alisema maadamu yu hai, darasa la sita litatangazwa. Jumamosi asubuhi watoto walijipanga, wazazi wakasimama nyuma ya ua, mbali mbali. Sylvain alipanda juu ya kigoda. Wa kwanza alikuwa Chancelle, msichana mwenye bidii ambaye zamani alimfuata Plamedie nyuma kwa alama mbili tatu. Akaendelea kusoma. Orodha ya serikali haikumwonea mtu haya. Aliyesajiliwa bila kufika alikuwa ameandikwa chini kabisa, na namba yake. Sylvain alifika kwenye mstari huo, akakunja karatasi.

"Maître!" Sauti ilitoka mstarini, safi, ya mtoto aliyefundishwa vizuri. "Muliruka mutu moja. Hamukusema wa mwisho."

Wote walimtazama. Alikunjua karatasi. Ilimbidi asogeze karatasi karibu na macho ingawa alilijua jina lile kuliko lake.

"Plamedie," alisoma. "Sifuri."

Hakuna aliyecheka. Watoto wakapiga makofi matatu, kama walivyofundishwa. Na Chancelle, kama alivyofundishwa, alitoka mstarini, akatembea mpaka mwisho wa mstari wa mwisho, akanyoosha mkono. Palikuwa na vumbi tu na ukuta. Alibaki amesimama hapo, mkono mbele, akimwangalia Maître amwambie la kufanya.