Jiwe Lenye Meno

Dada yangu Verediana aliolewa Michenga na Severini, mwanamume hodari wa jembe lakini mwoga kuliko kunguru. Nasema wazi, na akasirike atakayekasirika. Miaka ile ya hamsini nilikaa kwao nikimsaidia dada kupalilia mpunga, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Severini alikuwa kibarua wa mzungu mmoja aliyechimba mawe kule vilimani. Jumamosi moja akaja na jiwe dogo amelifunga kwenye leso, eti atuonyeshe. Ndani yake mlikuwa na taya la juu, meno yamejipanga, madogo kama punje za ulezi. Mzungu alimwambia ni la mnyama mdogo kama panya, aliyeishi enzi za mijusi mikubwa kuliko nyumba, na kizazi chake kimekwisha duniani. Tukacheka. Mtoto wao, Kandida, akalinyakua akalitia mdomoni, akaliguguna kwa ufizi. Jumatatu Severini akalirudisha kazini.

Mwezi haukuisha, Kandida akaota meno. Ya juu kwanza.

Weee! Kwetu mtoto wa namna hiyo ni kigego, ataua ukoo mzima, halelewi. Mama mkwe, Balbina, rozari shingoni, komunyo kila Jumapili, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Aliposikia habari za jiwe akalegea kidogo.

"Basi hakuzaliwa hivi, ameambukizwa na hilo taya. Lifukieni shimoni lilikotoka, mtoto atabaki."

Severini akaogopa kumwomba mzungu, asije akafukuzwa kazi. Dada akambeba mtoto mgongoni akaenda mwenyewe, mimi nyuma yake.

"Shikamoo bwana," akapiga magoti. "Naomba lile jiwe nikalifukie, nisinyang'anywe mwanangu."

Mzungu hakuwa mkali, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kiswahili alikijua, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuonyesha sanduku: jiwe limelazwa kwenye pamba, tayari kwa safari ya Ulaya.

"Mama, mnyama huyu ni wa pekee. Akipotea, hatapatikana mwingine."

"Na huyu wangu?" dada akauliza.

Mzungu akampa sukari. Severini alikuwa amesimama pale pale na sururu yake, baba mzima, anatazama chini.

Kesho yake asubuhi mawifi walimshika dada, Balbina akamchukua Kandida akavuka naye mto. Alirudi mikono mitupu. Nililia kwa hasira, nikaambiwa nifunge mdomo wangu, mimi mgeni pale.

Mwaka uliofuata Severini akafanywa nyapara. Dada alimpikia, akamfulia, akamtengea maji ya kuoga, kama mke yeyote. Miaka ikapita. Wazee wa ukoo wakaja kuuliza mbona nyumba haina mtoto.

Dada akawajibu, mumewe ameketi hapo hapo: "Nilimzalia mmoja, akashindwa kumfungulia mdomo. Nimzalie wa pili ili iweje?"